Chama cha Pua

Jina hilo hawakujipa wenyewe. Walipoandikisha chama chao walikipa jina refu la heshima, lenye "mazingira" na "haki" na "ustawi" ndani yake, jina ambalo hata katibu wao alilikosea kila alipolitamka. Kisha, wakati wa kampeni, mgombea mmoja wa Chama Kikubwa alipanda jukwaani akawacheka: "Hawa hawana sera, wana pua tu!" Umati ukaangua kicheko, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka lile jina refu. Kikawa Chama cha Pua. Mwenyekiti wake, mwanamke mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye mji mzima ulimwita Mama Saruji, alipoona jina limeshika, aliagiza fulana zenye pua kubwa kifuani.

"Wametutangazia bure," alisema. "Tukatae kwa nini?"

Na kweli pua ndiyo iliyowakutanisha. Jaa la takataka za mji mzima lilikuwa nyuma ya mtaa wao. Lilianza kama shimo, likajaa, likawa kilima, na kilima kikawa kinawaka chinichini miaka nenda miaka rudi, kikitoa moshi mzito wa kijivu uliopenya hata kwenye makabati. Nguo zilizofuliwa zikianikwa nje zilirudi ndani zikinuka kuliko zilivyokuwa kabla ya kufuliwa. Binti mdogo wa Mama Saruji alikuwa na pumu. Upepo ukigeuka tu, mama mtu aliacha mteja ameshika misumari mkononi, akatimua mbio nyumbani. Kila baraza la mji lililoingia liliahidi kulihamisha lile jaa, na kila baraza liliondoka likiacha malori yakiendelea kumwaga.

Uchaguzi ulipokwisha, hesabu ilimshangaza kila mtu. Baraza lilikuwa na viti ishirini na kimoja. Chama Kikubwa kilipata kumi, mahasimu wao tisa, na viwili vilivyobaki vikaenda kwa Chama cha Pua: kimoja cha Mama Saruji, kingine cha Kinyozi, rafiki yake tangu wakiwa shule ya msingi, ambaye saluni yake ilitazamana na duka lake. Watu wawili waliokuwa wakichekwa jana, leo ndio waliokuwa wameshika funguo za ofisi ya meya.

Wa kwanza kuja dukani kutoka Chama Kikubwa alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanasheria wa chama hicho. Alisimama mlangoni akiviangalia viatu vyake vyeusi vilivyong'aa, kisha akaiangalia sakafu.

"Ingia, wifi. Vumbi la saruji haliumi."

"Leo sikuja kama wifi. Nimekuja kikazi, mimi ni mwanasheria."

"Basi mwanasheria akae pale juu ya mfuko. Wifi yangu ningempa kiti."

Wote wawili wakacheka, na mwanasheria akaketi juu ya mfuko wa saruji. Hakuzunguka mbuyu. Chama chake kilitaka kura zao mbili ili kumweka meya. Mama Saruji angekuwa naibu meya, apewe ofisi, apewe na gari.

"Fanya haraka," wifi alisema. "Wapinzani wetu nao watakuja."

"Wameshakuja. Huo mfuko uliokalia bado una joto lao."

"Wamekupa nini?"

"Hayohayo. Wameongeza na bendera ndogo mbele ya gari."

Lakini Mama Saruji hakuwa na haja ya kuwafikiria sana hao wengine. Malori yaliyobeba taka za mji yalikuwa ya mdogo wake kiongozi wao, na kadiri jaa lilivyokuwa karibu ndivyo yalivyozidi kufanya safari nyingi kwa mafuta machache. Kuwaomba wao wafunge jaa ilikuwa sawa na kumwomba mtu abomoe jiko lake mwenyewe. Chama cha Pua ama kingeingia na Chama Kikubwa, ama kingebaki nje.

Kinyozi alitaka wabaki nje. Alimwambia Mama Saruji hivyo akiwa anamnyoa mteja aliyefunga macho na kujifanya hasikii.

"Mimi nilishaingia huko, unajua," alisema huku akipuliza nywele kutoka kwenye mashine. "Nikiwa kijana, chama chetu kidogo kiliungana na kikubwa. Tuliingia kwa tarumbeta. Mwenyekiti wetu akawa mheshimiwa, akasahau hata njia ya kuja ofisini kwetu. Sisi wengine tukatoka mmojammoja kwa mlango wa nyuma. Baada ya miaka miwili, fulana za chama watu walikuwa wanafutia meza."

"Sasa wewe unataka tufanye nini?"

"Tukae katikati. Wakileta jambo zuri, tunawapa kura. Wakileta upuuzi, tunawanyima. Hatuolewi na mtu."

"Halafu waende wakamrubuni diwani mmoja wa upande wa pili, na wakishampata wafunge mlango. Na sisi tubaki hapa na pua zetu, safi kabisa, tunakohoa."

"Heri kukohoa na heshima yako."

Mama Saruji alimtazama kupitia kioo. "Hilo kamwambie mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi sikuchaguliwa ili niwe safi. Nimechaguliwa ili jaa lifungwe. Piga ua, litafungwa."

Mteja akafumbua jicho moja. "Mwenyekiti yuko sahihi," alisema. Kinyozi akamgeuza kichwa kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mazungumzo yalichukua wiki nzima, katika ofisi ya Chama Kikubwa yenye meza ndefu na feni iliyolia kama mlango mbovu. Mama Saruji aliyaanza kwa kukataa unaibu meya, na mgombea wao wa umeya, daktari wa meno mstaafu aliyependa kutabasamu mpaka gego la mwisho likaonekana, akaacha kutabasamu kwa mara ya kwanza. Mtu anayetaka cheo wanaijua dawa yake. Huyu hawakujua wamshike wapi.

Alitaka mambo matatu. Jaa lifungwe na lingine litayarishwe nje ya mji, kazi ianze mwaka wa kwanza. Kinyozi awe mwenyekiti wa kamati ya afya na mazingira, maana alikuwa mbishi na hachoki. Na masharti hayo yasomwe hadharani na daktari wa meno mwenyewe, akiwa amesimama langoni mwa jaa.

"Langoni?" daktari aliuliza. "Kuna ukumbi mzuri tu pale mjini."

"Ukumbini watu watakusikia. Langoni watakuamini."

Walikubali. Nao walikuwa na lao. Siku ya mwisho, wifi alimvuta pembeni kwenye korido, na safari hii hakuwa na sauti ya kikazi.

"Sikiliza. Kile kipengele cha tano kinasema mtaunga mkono mipango yote ya kuendeleza mji, kwa kipindi chote. Nakuambia kama ndugu, usikipite harakaharaka."

"Maana yake nini?"

"Maana yake mtakachokipenda na msichokipenda."

"Na nikikikataa?"

"Hakuna makubaliano. Hilo wamekata kauli."

Mama Saruji aliegemea ukuta. Alijua anachoulizwa. Walikuwa wanataka mkono wake kwa mambo ambayo hata wao walikuwa hawajayafikiria bado. Alimtazama karani mmoja akipita na birika la chai na kurudi nalo likiwa tupu. Kisha akasema, "Sawa. Lakini nitaenda kuwaambia wanachama hivyohivyo ulivyoniambia."

Aliwaambia. Walikutana Jumamosi katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Hakuficha kitu. Alisema kipengele hicho kitakuja kuwauma siku moja, hajui lini wala wapi. Kinyozi alisimama akasema yake, akasema vizuri mpaka baadhi ya kina mama wakafuta macho. Kisha wakapiga kura kwa kuinua mikono, na waliotaka kuingia wakawazidi wasiotaka kidogo tu, kiasi kwamba katibu alihesabu upya.

"Mkono wangu haukuinuka," Kinyozi alisema baada ya matokeo. "Lakini chama ni changu. Nipeni hiyo kamati, nitawasumbua mpaka waote ndoto zangu."

Siku ya kusoma masharti, daktari wa meno alikuja na kitambaa cheupe puani. Mtaa mzima ulikuwa umejaa langoni, na upepo, kwa bahati nzuri au mbaya, ulikuwa unawaelekea.

"Toa kitambaa!" mtu alipiga kelele. Wengine wakaitikia. "Toa kitambaa! Toa kitambaa!"

Akakitoa. Alisoma masharti yote akikohoa kila baada ya sentensi, machozi yakimtiririka, na alipomaliza watu walimpigia makofi ya kweli. Kinyozi alimnong'oneza Mama Saruji kwamba hotuba hiyo ndiyo fupi kuliko zote ambazo mwanasiasa yule amewahi kutoa.

Ndivyo daktari alivyokuwa meya. Na ni lazima isemwe, kwa sababu wengi walitegemea kinyume, kwamba kazi ilianza. Si kwa wepesi. Kinyozi alifunga saluni kila Jumatatu na Alhamisi akaenda kukaa mlangoni kwa mhandisi wa mji mpaka mhandisi akawa anaingilia dirishani. Lilipatikana eneo mbali na mji, likachimbwa, likatandikwa plastiki nene chini ili maji machafu yasizame ardhini. Mwaka wa pili ulipoanza, barabara ya kwenda huko ilikuwa imefika nusu.

Hapo ndipo kipengele cha tano kilipouma.

Baraza lilileta mpango wa kupanua barabara kuu. Ili kuipanua, wachuuzi wote waliopanga biashara kandokando yake walitakiwa kuhamia soko jipya nyuma ya kituo cha mabasi, mahali ambapo mpita njia hafiki kama hajapotea. Miongoni mwa wachuuzi hao alikuwa dada mkubwa wa Mama Saruji. Mama yao alipofariki, huyu dada ndiye aliyeacha shule akamlea mdogo wake. Nguo za mitumba alizouza pale barabarani ndizo zilizomsomesha Mama Saruji, na ndizo zilizomvalisha siku aliyoolewa.

Dada alikuja dukani, akasimama kati ya mabati na makopo ya rangi.

"Wanasema kura yako ndiyo inayongojewa."

"Ni kweli, dada."

"Basi hakuna shida. Si utawanyima?"

Mama Saruji alikuwa ameshika kipande cha nondo, akakiweka chini taratibu. "Nikiwanyima, makubaliano yamevunjika. Barabara ya kwenda jaa jipya itasimama palepale ilipo. Malori yataendelea kumwaga hapa nyuma kama zamani."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kutolewa?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema kwa mdomo." Dada alifunga khanga yake upya kiunoni. "Nilikulea uwe na akili. Kumbe nilikulea uwe na hesabu."

Akaondoka bila kuaga. Mteja aliyetaka kitasa alilazimika kumuuliza Mama Saruji mara mbili.

Hakuliacha hivyo jambo hilo. Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa meya, akaketi bila kukaribishwa. Alitaka wachuuzi wasiguswe mpaka soko jipya liwe na paa, maji, vyoo, na kituo cha mabasi kigeuzwe ili abiria wote washukie upande wa soko. Meya alikubali paa, maji na vyoo. Kituo alikikataa katakata. Wenye mabasi walikuwa wamempigia kampeni.

"Bila abiria hawatauza kitu," Mama Saruji alisema.

"Wateja watazoea."

"Wewe ungezoea kwenda kung'olewa jino nyuma ya kituo cha mabasi?"

Meya alicheka, lakini hakubadilika. Mama Saruji aliporudi, Kinyozi alikuwa anamsubiri kwenye ngazi za duka.

"Mimi nitapiga kura ya hapana," alisema. "Wanifukuze wakipenda."

"Piga. Ukikataa wewe peke yako wanabaki kumi na mmoja. Mpango unapita, makubaliano yanabaki, na watu watajua kwamba chama hakikunyamaza."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyetia sahihi."

"Watakumaliza, rafiki yangu."

"Najua. Usinifanye niseme mara mbili, nitalia, na sitaki kulia barabarani."

Siku ya kura, jukwaa la wananchi ndani ya ukumbi lilijaa wachuuzi. Dada yake aliketi mstari wa mbele, mikono mapajani, uso mkavu. Mikono ya kukataa iliinuka kwanza: mahasimu wote tisa, na wa Kinyozi juu kuliko yote. Kisha wakaitwa wanaokubali. Mama Saruji aliinua mkono wake mpaka juu. Hakuuficha nyuma ya bega la jirani yake, na hakutazama chini. Alimtazama dada yake. Mpango ukapita kwa kura moja, na kila mtu mle ndani alijua ni ya nani.

"Msaliti!" mtu mmoja alipaza sauti. Dada aliinuka, akatoka, na wachuuzi wengine wakamfuata.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Kuna wateja waliovuka barabara ili wasipite mbele ya duka lake. Fulana za pua zilipungua mitaani. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache, alianza kumsindikiza asubuhi bila kuulizwa. Mama Saruji aliendelea kwenda barazani. Aliulizia paa la soko kila kikao mpaka likaezekwa, aliulizia barabara ya jaa mpaka ikamalizika, na kituo cha mabasi alikileta kama hoja mara nne, wakamwangusha mara nne.

Na jaa likafungwa. Lori la mwisho lilitoka mchana wa jua kali, na mumewe ndiye aliyeitwa kuchomelea lango. Walimwaga udongo juu ya kilima, tabaka kwa tabaka, na moshi ukapungua kidogokidogo. Hapakuwa na sherehe kubwa. Meya alikuja, akapiga picha, akatabasamu. Binti mdogo alitaka kujua kama sasa anaweza kulala dirisha likiwa wazi. Baba yake akamwambia ajaribu.

Uchaguzi uliofuata, Chama Kikubwa kilibandika picha za lango lile kila ukuta, na maneno "Tumetimiza" chini yake. Chama cha Pua hakikutajwa popote. Walipata viti vingi kiasi kwamba hawakuhitaji mtu wa kuungana naye. Kinyozi alirudishwa kwa kishindo. Mama Saruji alishindwa, tena vibaya, na mgombea wa mahasimu aliyezunguka sokoni akisema pua ilinusa, ikanogewa, ikauza.

Wiki moja baada ya hapo dada yake aliingia dukani. Walikuwa hawajazungumza kwa muda mrefu sana.

"Nataka bawaba mbili," dada alisema. "Mlango wa kibanda mlichonipa haufungi."

"Kubwa au ndogo?"

"Wewe ndiye mwenye duka."

Mama Saruji alichagua kubwa, akazifunga kwenye gazeti pamoja na skrubu zake. "Nitamtuma shemeji yako akufungie."

"Asije mchana. Mchana ndiyo wateja kidogo wanapita." Dada aliipokea ile bahasha ya gazeti, akatulia kidogo. "Mtoto anaendeleaje na kifua?"

"Anaendelea vizuri."

"Haya." Akatoka. Hayakuwa mapatano, lakini alikuwa ameuliza.

Mkutano wa chama uliitishwa katika darasa lilelile. Wanachama walikuwa wachache, na nusu yao walikuja wakiwa na hoja moja: mwenyekiti aondoke. Kijana mwalimu alisimama akasema waziwazi kwamba kuungana na wakubwa kumewala, na aliyewapeleka huko lazima awajibike. Mama Saruji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama kati ya madawati.

"Yote uliyosema yametokea," alisema. "Nilijua tutalipa, sikujua ni kiasi gani. Wachuuzi wamelipa kuliko mimi, na hilo silisahau. Lakini mkiniuliza kama ningeingia tena, jibu ni ndiyo. Ila ningekaa kwenye kile kipengele cha tano mpaka feni yao idondoke. Kujiuzulu sijiuzulu. Mkitaka niondoke, niondoeni. Kura zipigwe sasa, na mimi nitatoka nje."

Alitoka, akasimama kwenye baraza la shule akiangalia watoto wakicheza mpira uwanjani. Hakukaa sana. Kinyozi alitokeza kichwa mlangoni.

"Umebaki," alisema. "Kwa mkono mmoja. Safari hii ni wangu."

"Wewe? Wewe hukutaka hata tuingie."

"Na bado nasema tulikosea. Lakini mtu wa kubishana naye nitampata wapi?"

Alipoingia, aliona watu wawili wageni wamesimama nyuma, mwanamume na mwanamke, viatu vyao vina udongo mwekundu wa barabara mpya. Katibu akamweleza kwamba wametoka kitongoji cha huko kwenye jaa jipya. Plastiki imepasuka upande mmoja, kisima chao kimeanza kunuka, na wameambiwa mjini kuna chama kinachosikiliza mambo ya namna hiyo.

Mwalimu kijana aliangalia chini. Eneo lile Mama Saruji alilipigania yeye mwenyewe, na mhandisi alikuwa amemhakikishia kwamba hakuna watu karibu. Akapumua, akavuta dawati la mbele likakwaruza sakafu.

"Karibuni mkae," aliwaambia wageni. "Katibu, andika: ajenda ya pili. Haya, mama, anza tangu mwanzo. Hicho kisima kimeanza kunuka lini?"